Jembe la mama mkwe linatangulia foleni

Karakana yangu ina sheria moja, nimeiandika kwa chaki juu ya mlango: jembe, mundu na kisu cha jikoni kwanza, samani baadaye. Mwenye oda ya kitanda akifika Februari akanikuta nimeinamia jembe la jirani, namkaribisha chai na kumwomba asubiri, kwa sababu masika hayasubiri mtu. Mvua ikishuka mwezi wa tatu, mwanamke mwenye jembe butu atamaliza nguvu zake kabla hajamaliza tuta, na kitanda kipya hakitamrudishia siku hizo.

Naishi Ugweno, Upare ya Kaskazini, huku juu ambako barabara ya kutoka Mwanga inapanda kona kwa kona hadi masikio yanaziba. Mashamba yetu yamelala kwenye miteremko: migomba, kahawa iliyobaki, mahindi na maharage, na kingo za matuta zimepandwa gwatemala na majani ya tembo kwa ajili ya ng'ombe wa ndani. Trekta haliwezi kusimama kwenye mashamba haya, na plau la ng'ombe ni la watu wa tambarare. Kila kinachoota hapa kimeanza na jembe la mkono. Useremala nilijifunza Moshi nikiwa msichana, kisha nikaolewa huku, na karakana nikaijenga nyuma ya jiko la mama mkwe wangu. Nguzo ni za mkaratusi, sehemu inayoingia ardhini imepakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa, juu bati, na upande wa mashariki nimeuacha wazi ili nipate mwanga wa asubuhi. Kuna meza moja nzito, jiliwa la kubania chuma, kinoo, ndoo ya maji, na ukuta mmoja wa vyombo. Wananiita Mama Fundi.

Nilipoanza kazi hapa nilitazama kwa muda vyombo vinavyoletwa na vile visivyoletwa. Ilikuja misumeno ya wapasua mbao, mashoka, nyundo zilizolegea vichwa, milango iliyolalia bawaba. Majembe hayakuja. Yalikuwa majumbani, mipini imepasuka na kufungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, makali yamekuwa mviringo kama mdomo wa sufuria, na wenye nayo wameyazoea hivyo. Jembe lilihesabiwa kuwa kitu cha kununua, kutumia na kuvumilia. Anayevumilia mara nyingi ni mwanamke, maana huku kwetu palizi, kukata majani ya ng'ombe na jiko vyote viko mikononi mwake. Yaani chombo kinachofanya kazi kila siku ndicho kilikuwa hakinolewi. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma.

Nianze na mpini, maana hapo ndipo mgongo unapopona au kuumia.

Mipini ya dukani inakuja na urefu mmoja, mara nyingi unaokaribia sentimita 120, kana kwamba walimaji wote ni ndugu wa tumbo moja na mashamba yote ni uwanja wa mpira. Huku mlimani tunalima tukiuelekea mteremko, uso ukitazama juu. Ukisimama hivyo, ardhi unayoipiga iko karibu nawe kuliko ile uliyoikanyaga. Mpini mrefu wa tambarare unakugonga tumboni au unakulazimisha kurudi nyuma hatua moja kila unapovuta udongo. Mpini mfupi mno nao unakukunja hadi kiuno kinakufa ganzi. Kwa hiyo jembe nalipima pamoja na mtu wake. Namwambia asimame, nashika futikamba kutoka ardhini. Mwenye shamba la bondeni lililo sawa namkatia mpini unaofika chembe cha moyo. Mwenye shamba la mteremko mkali namkatia unaofika kitovuni au chini yake kidogo. Kisha anaenda kuujaribu kwenye kipande cha shamba langu lililo chini ya karakana, na akirudi nauliza swali moja tu: panauma wapi?

Mama mkwe wangu ni mfupi na bega lake la kulia halipandi juu siku hizi. Miaka yote alikuwa akitumia jembe la marehemu mumewe, mtu mrefu aliyelipima kwa mwili wake mwenyewe. Nilipomchongea mpini wake, mwembamba kidogo kwa ajili ya vidole vyake na mfupi kwa mteremko wa shamba lake la maharage, alilima asubuhi ile akaniita, "Mwanangu, kumbe nilikuwa nabeba jembe la mtu." Tangu hapo jembe lake halikai nyuma ya jembe lolote, na hakuna jirani aliyewahi kulalamika kwa hilo.

Mti wa mpini si mti wowote. Kwa majembe napenda mpera na mkahawa wa zamani. Watu wanapong'oa mikahawa iliyochoka huipeleka jikoni yote, nami huwaomba mashina yaliyonyooka, kwa sababu ule ni mti mgumu, mzito, unaolainika mkononi kadiri unavyotumika. Mpera ni mgumu pia na haupasuki ovyo. Kutoka tambarare, njia ya kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, huletwa mkole, na huo kwa shoka ni mzuri sana: unapinda kidogo ukipokea pigo, kisha unarudi. Mgrivelea tunao kila mahali kwenye kingo za mashamba, ni mbao nzuri ya kabati na kitanda, lakini kwa mpini wa shoka sitauweka, hata mtu akinibembeleza.

Nakata wakati wa kiangazi, mti ukiwa na maji kidogo. Gogo nalipasua kwa kabari badala ya kulichana kwa msumeno, kwa sababu kabari inafuata nyuzi za mti zenyewe. Msumeno unakata njia yake na kuzikatiza nyuzi, na mpini wenye nyuzi zilizokatizwa utavunjika pale pale zinapotokeza ubavuni. Ukitaka kuujua mpini mbaya dukani, uinue kwenye mwanga utazame nyuzi: zikitembea kutoka kichwa hadi mkia, nunua. Zikitoka nje katikati ya njia, urudishe, hata kama umepakwa vanishi inayong'aa.

Baada ya kupasua, ncha mbili za kila kipande nazipaka nta. Mti hupoteza maji kwa haraka zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, na ndiyo maana nyufa huanzia huko. Kisha vipande vinapanda darini juu ya jiko la mama mkwe. Moshi wa kuni unavikausha polepole na kuwafukuza wadudu watobozi. Wazee wa hapa walifanya hivyo kwa mipini, kwa michi ya vinu na kwa mbegu za mahindi, na sijaona njia iliyo bora kwa nyumba inayopikia kuni. Hukaa huko msimu mzima. Mtu akiniomba mpini wa haraka wa mti mbichi, namweleza kwamba mti mbichi utasinyaa ndani ya tundu la jembe, na jembe litaruka shambani siku ambayo mtoto amesimama nyuma yake.

Kuna desturi moja ambayo nimeipinga kila mahali niliposikilizwa: kulilaza jembe au shoka majini usiku ili mpini uvimbe na kukaza. Asubuhi unakaza kweli. Lakini tazama kinachotokea ndani. Mti unavimba, chuma hakitanuki, kwa hiyo nyuzi zinajisaga zenyewe zikibanwa na tundu. Jua likipiga, mti unakauka na kuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa jana. Kesho yake unaloweka tena, na tena, hadi mpini unacheza kama jino la mzee. Shoka lililolegea linahitaji kabari ya mti mgumu, kavu, iliyopigwa vizuri. Mpini wa jembe na wa sululu mimi nauchonga na kichwa kinene, unapita kwenye tundu kutokea juu, na kila pigo la shambani linazidi kuukaza.

Sasa makali. Tupa ya gorofa na jiliwa vinatosha. Jembe huwa na upande mmoja ulionolewa kiwandani. Ufuate huo, usinoe pande zote mbili. Tupa inakata ikisukumwa tu. Ukiirudisha huku imegusa chuma unaua meno yake bure, kwa hiyo isukume, iinue, irudishe, isukume. Paka chaki kwenye tupa kabla ya kuanza, vumbi la chuma halitagandamana katikati ya meno. Jembe la kulimia ardhi ngumu yenye mawe usilifanye kali kama kisu, litajikunja. Liache na makali manene kidogo. La palizi kwenye maharage linaweza kuwa kali zaidi, maana kazi yake ni kukata mizizi ya magugu karibu na juu ya udongo. Jembe likilika hadi likabaki nusu ya ulimi wake wa zamani, usilitupe: ndilo zuri kuliko yote kwa palizi, jepesi, linaingia katikati ya mashina bila kuyajeruhi.

Watu huniuliza ni jembe gani wanunue. Majembe ya zamani bado yanazunguka vijijini. Napokea ya Ubungo Farm Implements, kile kiwanda cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China, na ya Chillington ya Uingereza yenye nembo ya mamba. Mengi yamelika sana lakini chuma chake bado kinashika makali. Dukani siku hizi utakuta jembe lililokatwa kwenye bamba laini, likapakwa rangi nzuri, na rangi ndiyo inayouzwa. Nenda na tupa yako ndogo mfukoni, mwombe muuzaji ruhusa, sugua kidogo ukingoni. Tupa ikizama kwa urahisi na kuvua vipande vikubwa, hicho ni chuma laini, kitajikunja kwenye jiwe la kwanza. Ikiuma kwa shida, chuma ni kigumu. Pia lining'inize jembe kwa kamba, ligonge kwa kitu cha chuma: lililo zima hulia kwa mlio mrefu, na lenye ufa hutoa mlio uliokufa. Muuzaji mwaminifu hatakataa upime hivyo.

Mundu nao una habari yake. Mwanamke anayefuga ng'ombe wa ndani anakata majani kila siku, mvua au jua, na gwatemala ina ukingo unaochana ngozi. Mundu butu haukati. Unavuta, na mkono ulioshika majani unateleza kuelekea chuma. Makovu ya vidole vya mkono wa kushoto ninayoyaona hapa, mengi yametokana na mundu butu. Makali ni usalama, nalisema hili kwa kila mama anayeniambia "usiunoe sana, utanikata." Mundu naunoa kwa kinoo kidogo cha mviringo, nikilisogeza jiwe kufuata upinde wa chuma, upande wa ndani, kisha nafuta upande wa nje mara chache tu ili kuondoa ule uzi mwembamba wa chuma unaobaki ukingoni.

Kisu cha jikoni ninakinoa bila malipo. Hiyo nayo nimeiandika kwa chaki. Kisu kimoja nyumbani kinamenya ndizi, kinakata mboga, kinachinja kuku, kinakata kamba, na kinanolewa kwenye ngazi ya saruji ya mlango wa nyuma. Lete. Kwenye kinoo, mgongo wa kisu uinue kama upana wa kidole kutoka kwenye jiwe, sukuma makali mbele kana kwamba unataka kukata kipande chembamba cha jiwe lenyewe, geuza, fanya hivyo hivyo upande wa pili. Maji kidogo juu ya jiwe. Kazi haizidi muda wa chai kuchemka, na jioni yule mama akipika makande hatapambana na vitunguu.

Umeme ulipofika kijijini, grenda nazo zilifika, na vijana wakaanza kunoa kila kitu kwa grenda. Sina ugomvi na umeme. Nina drili yangu na naipenda. Lakini tazameni rangi. Chuma kigumu kikisuguliwa kwa kasi kinapata moto, na ukingo mwembamba ndio unaopata moto kwanza. Kikifika nyuzi 230 za sentigredi hivi kinakuwa na rangi ya majani makavu, kikikaribia 280 kinakuwa zambarau, na kikifika 300 kinageuka bluu. Bluu ile inapendeza macho, lakini kwa kisu au patasi maana yake ugumu umeondoka. Kitakata siku moja, kitalala. Ukilazimika kutumia grenda au jiwe la umeme, weka ndoo ya maji pembeni, gusa kwa sekunde chache, chovya, gusa tena. Kidole chako kishike chuma karibu na ukingo. Kikishindwa kuvumilia joto, chovya. Na ukingo wenyewe umalizie kwa mkono, kwenye kinoo.

Ugumu ulioondoka haurudi kwa kunoa. Unarudi kwa moto, na hapo naenda kwa mhunzi. Tunaye mzee mmoja hapa juu anayefua chuma bado, wa ukoo wa Washana. Ukitaka kujua Ugweno ni nini, anza na Washana: wao ndio wahunzi wa tangu zamani, na historia yetu inasema walishika utawala wa nchi hii kabla ukoo wa Wasuya haujawapindua. Chuma kilichotoka kwenye mchanga mweusi wa mito ya Upare kilifuliwa kuwa majembe na mikuki, kikafika hadi kwa Wachaga upande wa pili. Mchanga hauyeyushwi tena. Mzee anatumia springi za Land Rover na za malori, na fuawe yake, pale anapogongea chuma, ni kipande cha reli. Mvukuto ameubadilisha kwa feni ndogo inayotumia betri ya sola, lakini mkono wake ni ule ule.

Patasi zangu nne bora amenifulia yeye kutoka kwenye jani moja la springi. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kugeuka kigumu kikipozwa ghafla, na ndiyo maana kilichaguliwa kubeba gari: kinapinda na kurudi. Anakiweka motoni, na ana sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio, ameining'iniza kwa waya. Chuma kikiwa baridi kinaivuta sumaku. Kikikaribia nyuzi 770 kinaacha kuvutwa. Akiona hivyo anakiacha motoni kidogo zaidi, kisha anakichovya kwenye oili. Sasa ni kigumu kiasi cha kuvunjika kama kioo. Anakisugua hadi king'ae, anakirudisha karibu na makaa, anatazama rangi ikitembea kutoka kwenye shina kuelekea makali, na rangi ya majani makavu inapogusa ukingo, anazima majini. Zile rangi zinazoharibu kisu chini ya grenda ndizo zinazokiokoa mkononi mwa mhunzi. Nimekaa kwenye gogo pale kwake saa nyingi nikitazama, na binti yangu amekaa nami. Mzee hakumzuia kushika koleo, ingawa zamani uhunzi ulikuwa wa wanaume wa ukoo wake. Alimwambia tu, "Mjukuu, simama upande usiotupa cheche."

Vyombo vyangu vingine vimetoka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hao hupita na mizani, wananunua kwa kilo, na humo ndani mna mali. Randa yangu ni Stanley nambari 4, nimeitoa kwenye gunia la skrepa pamoja na pedeli za baiskeli na bomba bovu la kupulizia dawa. Ilikuwa imeshika kutu yote, mshikio wa mbao umevunjika. Muundo wake ni wa Leonard Bailey, ambaye kampuni ya Stanley ilinunua haki za randa zake mwaka 1869, na tangu wakati huo skrubu na visu vyake vimebadilika kidogo sana. Ndiyo sababu inafufuka. Sehemu ndogo nilizilaza usiku kucha kwenye ukwaju mzito; asidi yake inakula kutu. Asubuhi nikazisugua kwa brashi ya waya, nikazisuuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki, nikazikausha juani na kuzipaka mafuta mara moja. Ukichelewa, kutu inarudi kabla ya chakula cha mchana. Kitako nilikisawazisha kwa msasa uliolazwa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, maana kioo kimenyooka kuliko meza yoyote. Mshikio nikauchonga kwa mkahawa. Kisu chake nakinoa kwa kipimo ambacho hakihitaji chombo cha kupimia: mteremko wa makali uwe mrefu kidogo zaidi ya mara mbili ya unene wa chuma, na hapo uko karibu na pembe ya nyuzi 25. Angalia tu isianguke sakafuni, mwili wake ni chuma cha kusubu na unapasuka.

Huwa natafuta vyombo vya namna hiyo tu, vile ninavyoweza kuvifungua. Kama skrubu zake naziona, kama kipande kilichochoka nakitoa na kutia kingine, nitakinunua hata kikiwa na sura mbaya. Chombo kilichofungwa kwa gundi na plastiki, kikifa kimekufa, na Moshi ni nauli ya kwenda na kurudi.

Cherehani ya mama mkwe ni mfano mzuri. Ni Singer ya muundo wa 15, iliyotengenezwa Clydebank huko Scotland. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 1980. Lakini muundo wa 15 uliigwa na viwanda vingine, pamoja na zile Butterfly za China ambazo mafundi cherehani wa kila kijiji wanazo, kwa hiyo sindano, bobini na kibebea bobini vya duka la jirani vinaingia humo bila tatizo. Mkanda wa ngozi ukilegea tunaukata kipande na kuufunga upya kwa waya. Kazi yangu kwake ni moja: kumkataza mtu yeyote kuitia mafuta ya kula. Mafuta ya kula yanakauka na kuganda kwenye vyuma hadi mashine inakuwa nzito. Ilipoletwa kwangu mara ya kwanza haikuzunguka hata kidogo, na ugonjwa wake ulikuwa huo. Mafuta ya taa yaliyeyusha ule utando, nikafuta kila tundu, nikatia mafuta ya cherehani, ikaanza kushona siku ile ile. Sare za shule za wajukuu wote zimepita chini ya sindano yake.

Kwa mipini, miiko na vinu natumia nta ya nyuki na mafuta ya alizeti, sehemu moja ya nta kwa tatu za mafuta. Nta usiiweke juu ya moto moja kwa moja, inawaka. Weka kopo lake ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Paka ikiwa bado ya uvuguvugu, acha usiku kucha, futa kwa kitambaa. Oili chafu ni ya nguzo na mapagala tu. Isiguse mwiko, isiguse mchi, isiguse mpini wowote utakaoshikwa siku nzima na mkono wenye jasho, maana ina masazo ya injini ambayo ngozi haikuumbwa kuyanywa.

Mwaka huu foleni imeanza mapema. Ukutani kuna majembe yamepangwa kwa namba za chaki, na darini mipera iko tayari. Kama uko Ugweno au Usangi na unataka jembe lako liwe tayari kabla ya mvua, lete kabla Februari haijaisha. Tafadhali, baba wa nyumba, usilete jembe la mkeo peke yake ukaniambia "weka tu mpini." Aje yeye mwenyewe atakayelilima, na viatu vyake vya shambani, nimpime. Kama hawezi kuacha mtoto, aje naye, kuna kivuli na kuna chai.

Walio mbali naomba mniambie: kwenu mipini mnachonga kwa mti gani? Nimesikia watu wa Kondoa wanasifu miti ambayo sijawahi kuishika, na ndugu yangu aliyeolewa Makete ananiahidi kila likizo kuniletea kipande na bado. Yeyote anayepandisha basi la kuja Mwanga, mti mkavu wa urefu wa mkono unatosha, nitaupasua na kuujaribu kwenye shoka.